Mpira Uliomo Chini ya Land Rover

Aliyepata kusafiri katika Oman kabla ya 1970, siku ambazo barabara ya lami katika nchi nzima haikuzidi kilomita 10 hivi, na njia ya kwenda Nizwa ilikuwa ni kufuata changarawe za mabonde, hana haja ya kuelezwa kwa nini Land Rover ilipata heshima ambayo gari nyingi zenye sura nzuri kuliko yake hazikuipata. Aghalabu Land Rover hizo zimekwisha kuwa chuma chakavu. Lakini moja, ya aina ya Series IIA, iliyoundwa baina ya 1961 na 1971, inafufuliwa hivi sasa hapa Darsait, Muscat, chini ya banda la bati ubavuni mwa nyumba ya jamaa mmoja ambaye wazee wake walihamia kutoka Unguja. Wapitao husimama wakaisifu rangi. Mimi nilivutwa na bushi kuukuu zilizong'olewa chini yake, zikalazwa juu ya gazeti kama meno ya mtu mzima.

Ekseli ya nyuma ya gari hii haikushikwa na kitu ila springi mbili za vipande vya chuma vilivyolazwa kimoja juu ya kimoja. Mbele springi imefungwa kwa bolti katika chesisi; nyuma imening'inizwa kwa vikono vinavyobembea, kwani springi iliyopinda ikilemewa hunyooka, ikinyooka hurefuka, na lazima urefu huo upate pa kwenda. Katika kila kiungo mna bushi: bomba dogo la chuma ndani ya kubwa, na baina yao mpira ulioshikamana na yote mawili. Wengi hudhani kuwa bolti huzunguka humo kama katika beringi, na sivyo hata kidogo. Bomba la ndani limebanwa na bolti, la nje limekazana katika tundu lake, na gari inapopanda na kushuka ni mpira wenyewe unaosokotwa kisha ukarejea, bila ya chuma kusugua chuma wala haja ya grisi.

Bushi ikifa, ekseli hupata uhuru usio wake: dereva akikanyaga mafuta, upande mmoja husogea kabla ya mwenziwe, gari ikayumba, na akiachia klachi husikia kitu kikigonga chini ya kiti. Lawama hutupiwa difu, pesa zikatumika, na mlio ukabaki pale pale.

Utomvu wa mpira peke yake ni kitu dhaifu, na ulikuwa hivyo hata ilipofika 1839, Mmarekani Charles Goodyear alipogundua kuwa ukipikwa pamoja na salfa hupata uthabiti, kwa sababu salfa hufunga vifundo baina ya minyororo mirefu ya molekuli zake. (Wala mpira si mgeni kwetu watu wa pwani, katika karne ya 19 Unguja ilikuwa ikisafirisha mpira wa mwitu uliogemwa katika mimea itambaayo ya misitu ya bara, na mmojawapo wa mimea hiyo wataalamu waliuita Landolphia kirkii, kwa jina la John Kirk, balozi wa Kiingereza.) Lakini oksijeni ya hewani haiachi kuuingia mpira, ikikata minyororo hapa na kufunga vifundo visivyotakiwa kule, na kwa kadiri wanayoizoea wanakemia, kila joto likizidi nyuzi 10 kazi hiyo hukaribia kwenda kasi maradufu. Siku moja ya Juni 2018 huko Quriyat, katika mkoa huu huu wa Muscat, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana. Basi mpira hapa huzeeka hata gari ikiwa imelala.

Kuitoa bushi ndiko kunakomtoa mtu jasho, maana hewa ya chumvi imelifanya bomba la nje na chesisi kuwa kitu kimoja. Fundi huiweka chesisi juu ya stendi imara, kwani kuiachia jeki peke yake ni kuchezea roho. Hutoboa mpira kwa keekee mpaka bomba la ndani likachomoka, kisha hupenyeza ubapa wa msumeno katika tundu na kulikata bomba la nje kwa urefu wake, polepole, akisita kila mara kutazama asije akala chuma cha chesisi. Wapo wanaouchoma mpira kwa moto. Sioni busara yake karibu na tangi la mafuta.

Kosa kubwa hufanyika baada ya hapo, bushi mpya zikishaingizwa, na hufanywa hata na mafundi wenye mikono mizuri: hukaza bolti zote gari ingali juu, ekseli ikining'inia. Bomba la ndani hufungwa katika hali hiyo, na gari ikiteremshwa springi hunyooka, mpira ukawa umesokotwa tangu siku ya kwanza hata gari ikiwa imesimama. Kila shimo la njia huuzidishia, ukapasuka mapema. Iliyo sawa ni kuziacha bolti legevu, kuishusha gari juu ya magurudumu yake, kuisukuma mbele na nyuma na kuitikisa mpaka itulie, ndipo zikakazwa.

Siku hizi zinauzwa bushi za plastiki ya polyurethane, nyekundu na buluu, zisizoogopa mafuta. Nyingi hazikushikamana na chuma, kwa hivyo huteleza, zikataka grisi, na mtetemo wa njia hupita ndani yake ukamfikia abiria. Mwenye gari ya Darsait amechagua mpira, nami ningechagua huo huo. Iliyobaki ni kuzikaza tena, baada ya safari ya kwanza, zile bolti zilizopinda zinazoifunga springi juu ya ekseli, kwani vipande vya chuma vikishatulia bolti hizo hulegea.