Mota ya Kukwelea Miti

Mkwezi nimkusudiaye hapa si yule mwangua nazi wa pwani yetu, ingawa naye zamu yake itafika. Namkusudia fundi aajiriwaye katika miji ya Ulaya na Marekani kuyapunguza matawi ya miti mikubwa iliyosimama karibu na nyumba, njia na nyaya za umeme, ambaye hushinda kutwa akining'inia kambani na msumeno wa mnyororo umefungwa kiunoni pake. Kwa miaka kadhaa sasa mafundi hao wamekuwa wakibishana juu ya jambo moja: je, yafaa kununua ile mota ndogo, ya betri au ya petroli, ambayo huibana kamba kwa gurudumu lake na kumpandisha mtu hadi kileleni ilhali yeye ameketi katika mikanda yake kama abiria? Mimi kazi hiyo nimeifanya kusini mwa Uingereza, baada ya utoto uliopita chini ya minazi, na rai yangu naitoa mapema ili msomaji asidhani kuwa naificha: mota ni chombo kizuri kilichotengenezewa sehemu iliyo ndogo kuliko zote katika kazi yetu.

Kukwea kwa kamba ni elimu iliyozaliwa majabalini kabla haijahamia mitini. Karl Prusik, mpanda milima wa Austria, alilitangaza mwaka 1931 fundo liitwalo kwa jina lake hata leo, fundo la kamba nyembamba lizungushwalo juu ya kamba nene, ambalo likielemewa hukaza na likiachiwa husogea; na mwaka 1958 Waswisi wawili, Adolf Jüsi, aliyekuwa akiwachunguza tai katika magenge yao, na Walter Marti, wakaifanya hila hiyo kwa chuma, wakakiita kibano chao Jumar kwa herufi za mwanzo za majina yao. Fundi wa miti amezirithi hila zote mbili. Leo huipitisha kamba katika panda ya mti, huifunga ncha moja, akaupanda upande wa pili kwa vibano viwili, kimoja wayoni na kimoja gotini, akinyanyua miguu kwa zamu kama apandaye ngazi, na mikono isiwe na kazi ila kuuweka mwili wima. Mota imekuja mwisho wa silsila hiyo. Kampuni ya Actsafe ya Uswidi iliwatengenezea mota hiyo watu wafanyao kazi juu ya minara. Na huko Marekani wanafunzi wa chuo cha MIT, katika miaka ya 2000, walishindania kuunda chombo cha kumwinua askari pamoja na mizigo yake kwa sekunde chache, na mmoja wao, Nathan Ball, akatunukiwa mwaka 2007 tuzo ya wanafunzi ya Lemelson-MIT. Wakwezi wa miti walipoviona vyombo vya namna hiyo, walivitamani, na nani asingevitamani?

Lakini na tufanye hesabu, maana matamanio hayapimwi kwa mizani. Mtu pamoja na zana zake tumkadirie kilo 90, na panda ya mti tuiweke mita 20 juu ya ardhi. Nishati ya kumfikisha huko ni jouli 17,600 hivi; na kwa kuwa mwili wa mwanadamu hupoteza robo tatu ya chakula chake kwa joto, safari hiyo itamgharimu, kwa hesabu ya karatasi, kama kilokalori 17, ambazo ndizi moja ya kiasi yaweza kuzilipa mara tano. Betri ya volti 18, ya namna ile ile itiwayo katika keekee za mafundi seremala, yenye akiba ya saa-ampea 5, ina jouli 324,000. Tukikubali kwamba nusu yake itapotea katika mota na gurudumu, itampandisha mtu yule mara 9, kisha itataka kuchajiwa. Ama kwa wakati, mota impelekayo juu kwa nusu dakika hutoa wati karibu 590, ambazo ni robo tatu na zaidi ya nguvu ya farasi mmoja, na mtu mwenye mazoezi atoaye wati 200 kwa muda mfupi atafika kwa dakika moja na nusu. Tumpe mvivu dakika tatu. Basi kilichookolewa ni dakika moja, au mbili na nusu kwa yule mvivu. Na fundi wa miti mikubwa hawi na miti mingi ya kuipanda kwa siku, bali aghalabu huwa na miwili au mitatu.

Na dakika zetu hazipotei katika kukwea. Zinapotea kabla ya hapo, katika kuurusha uzi. Kabla kamba haijakaa pandani, mtu hurusha uzi mwembamba uliofungwa kimfuko cha punje za risasi chenye uzito wa gramu 300 au zaidi, akiukusudia mwanya usiozidi upana wa mlango, na kimfuko hicho kina tabia ya kuchagua tawi la jirani. Nimepata kusimama chini ya mti mmoja kwa dakika arobaini, shingo imekakamaa, huku mteja akinitazama dirishani na chai yake mkononi. Kwa taabu hiyo mota haina auni yoyote. Wala haina auni huko juu, maana mkwezi akishafika kileleni ndipo kazi yake hasa inapoanza: atembee juu ya tagaa hadi nchani kwa kuegemea kamba, akate, arudi, ahamie upande wa pili, ateremke mita mbili, apande tatu, alifunge tawi zito lishushwe polepole lisivunje vigae vya watu. Katika harakati hizo mota ni mzigo unaoning'inia tu, hata ikiwa ni nyepesi, seuze zile zipitazo kilo kumi.

Mara ya kwanza nilipopandishwa na mota ilikuwa asubuhi ya Septemba, katika mwaloni uliokuwa nyuma ya nyumba ya bibi kizee mmoja. Nilibonya kitufe, kamba ikalia kidogo kama mlango mkavu, na majani ya chini yakaanza kushuka mbele ya macho yangu. Sikuhisi kwamba mimi ndiye ninayepanda. Raha ile sikatai. Nikiwa njiani kijiti kikavu kiliingia baina ya mkanda na bega langu. Lau ningekuwa nakwea kwa miguu, ningalikihisi kabla hakijanigusa vizuri na ningalisimama, maana mwili uliochoka kidogo husimama kwa kisingizio chochote. Lakini mota haina ngozi, nayo iliendelea kuvuta mpaka kijiti kikapasuka na kipande chake kikagonga kofia yangu, na kidole changu kikaachia baada ya kishindo, si kabla. Hapakuwa na madhara. Lau kingekuwa kigutu cha tawi badala ya kijiti, habari ingekuwa nyingine.

Jambo la pili lilinikuta nilipofika juu. Mwenzangu aliyenifuata kwa miguu katika kamba yake alisimama kama mita tano kutoka chini, akaita, akaniuliza kama nimeliona lililokuwa hapo. Sikuliona. Penye kovu la tawi la kale palikuwa pameota kuvu jekundu, laini, mithili ya ini bichi, ambalo wataalamu waliita Fistulina hepatica, nalo hula moyo wa mwaloni taratibu kwa miaka mingi ilhali ganda la nje likionekana zima. Mti haukuwa wa kukimbiwa, lakini ulitaka kupigwa nyundo ya mbao na kusikilizwa kabla ya mtu kuuamini, na mimi nilikuwa nimelipita kuvu lile kwa kasi ya lifti. Ndipo nilipofahamu kwamba kule kukwea kwa miguu, tukuonako kama taabu ya kufikia kazi, ni nusu ya kazi yenyewe: mkwezi huusoma mti unapopita mbele ya pua yake, akaona ufa, tundu la nyuki, gamba lililoinuka, utomvu utokao mahali pasipostahili, na huo ndio ukaguzi ambao hakuna aulipiao peke yake.

Fauka ya hayo, pana habari ya panda inayobeba kamba. Baharia wa jahazi aijuaye henza na gofia atalifahamu hili kuliko mwingine: kamba ikiwa imepita juu ya panda na ncha yake ya pili imefungwa shinani, uzito ambao panda inaubeba si wa mtu, bali ni wa mtu mara mbili, kwa kuwa pande zote mbili za kamba zavuta chini. Mtu wa kilo 90 ni kilo 180 kwa panda ile, na kila mota ianzapo kwa ghafula huongeza mtikisiko wake juu ya hizo. Ndiyo sababu hatupandi kabla watu wawili hawajaning'inia pamoja katika kamba na kuijaribu. Akweaye kwa miguu anaendelea kuijaribu panda kila hatua, na ikilia atasikia. Aliye katika mota husikia mota.

Sitaki, hata hivyo, kuidhulumu. Wenzangu waliotimiza miaka arobaini na zaidi katika ufundi huu, ambao mabega na viwiko vyao vimekwisha kwa misumeno, wana haki ya kuhifadhi kilichobaki, na kwao dakika mbili zilizookolewa si hesabu ya wakati bali ya mishipa. Kadhalika pana uokozi: mtu aliyezimia akining'inia katika mikanda yake hana wasaa mrefu, na mwokozi afikaye kwake bila ya kuhema ni bora kuliko afikaye akihema, maadamu amefunzwa kufika bila ya mota pia, kwa kuwa betri nayo huzimia. Na pana miti ambayo urefu wake hugeuza hesabu yote niliyoifanya. Hyperion, ule mti wa California uliogunduliwa mwaka 2006 na ambao Stephen Sillett aliupanda ili kuupima kwa utepe, unapita mita 115. Na katika bonde moja la Kilimanjaro umepimwa mti wa Entandrophragma excelsum wenye mita 81.5, mrefu kuliko miti yote ya asili iliyopata kupimwa Afrika. Mtafiti atakaye kufika katika vilele vya namna hiyo kila siku, na mkoba wa vyombo mgongoni, kwa mashina yasiyo na tawi mpaka juu sana, huyo nitampa mota kwa mikono miwili, na betri za akiba, maana ile iliyompandisha mtu wetu mara 9 itampandisha huko mara moja au mbili tu.

Sheria nazo zina gharama zake. Nchini Uingereza kanuni za mwaka 1998 juu ya vyombo vya kuinulia, zijulikanazo kwa jina la LOLER, zataka chombo kimwinuacho mtu kikaguliwe na mjuzi kila miezi 6. Na tangu mwongozo wa ufundi wetu wa mwaka 2020, mkwezi hutakiwa awe katika kamba mbili zenye vituo mbalimbali, isipokuwa pale ambapo jambo hilo haliwezekani. Kwa hiyo abiria wa mota hakai mikono mitupu kama matangazo yanavyomwonyesha. Na mpinzani wa kweli wa mota si mguu wa mkwezi, bali ni jukwaa la kuinulia watu lililo juu ya gari: tangu ugonjwa wa miti ya eshi ulipogunduliwa Uingereza mwaka 2012, miti mingi imekuwa mikavu na myepesi kuvunjika hata haifai kupandwa kwa njia yoyote, na hapo mwenye mota na mwenye miguu wote hubaki chini wakilingoja jukwaa.

Ndugu zangu wa pwani wameniuliza kama mota hiyo yaweza kumfaa mkwezi wa nazi, naye hukwea kwa kitanzi cha kamba miguuni na vipandio vilivyochongwa katika shina. Haiwezi. Mota hupanda kamba, na kamba lazima iwe imetangulia juu, ilhali mnazi hauna panda ya kuipokea; una makuti, na aliyeuweka uhai wake katika kuti amejikabidhi kwa kitu kinachodondoka chenyewe. Kilichowafaa watu wa Kerala, ambako vijana walikuwa wameuacha ukwezi na nazi zikakosa wa kuziangua, ni chombo kisicho na mota kabisa, kilichobuniwa katika kijiji cha Chemberi: fremu mbili za chuma, kila moja na kitanzi cha waya kilizungukacho shina na mahali pa kukanyagia, ambazo mtu huziinua kwa zamu na uzito wake mwenyewe ukazikaza. Bodi ya minazi ya India ilianza mwaka 2011 kuwafunza vijana, wanawake kwa wanaume, kukitumia. Chuma chake si cha ajabu. Fundi wa kuchomelea wa Tanga au Malindi akikiona mara moja atakiunda.

Ama fundi wa miti aliye na fedha mkononi na aniulizaye anunue nini, humwambia anunue kwanza kamba ya pili iliyo njema, kisha amlipie msaidizi wake wa chini mafunzo ya uokozi, na kikisalia kitu ndipo aitazame mota. Yetu sisi tungali nayo. Hukaa nyuma ya gari, betri imejaa, na tangu mwaloni ule imetoka sandukuni mara nne.