Panya na chakula cha kuku: Ondoa chakula kabla ya giza

Mfuko wa kilo 50 wa chakula cha kuku ukiisha mapema, wafugaji wengi hudhani kuku wamezidi kula. Mara nyingi mlaji ni mwingine. Kuku wa mayai hula takriban gramu 110 hadi 120 kwa siku, na panya mkubwa hula gramu 20 hadi 25 kwa usiku mmoja. Panya 20 humaliza kilo 12 hadi 15 kwa mwezi, yaani chakula cha kuku wanne. Hapo hakijahesabiwa kile wanachokiharibu kwa mkojo na kinyesi.

Katika mitaa ya Likoni, Kisauni na Changamwe, banda la kuku mara nyingi huwa hatua chache kutoka jikoni. Panya anayekula bandani ndiye huyo huyo anayepita kwenye vyombo na maji ya nyumbani.

Hatari kwa afya

Mkojo wa panya unaweza kuwa na bakteria wanaosababisha homa ya mgunda. Bakteria hao huingia mwilini kupitia michubuko, macho au mdomo, hasa wakati wa masika maji yanapotuama. Julai 2022, ugonjwa huu ulithibitishwa katika Mkoa wa Lindi, Tanzania, ambako watu 20 waliripotiwa kuugua na 3 kufariki. Vilevile, panya hueneza salmonela kwa kuku, na kupitia mayai ugonjwa huo humfikia binadamu.

Hatua za kuchukua

1. Ondoa chakula jioni. Kuku hali gizani, kwa hivyo kukosa chakula usiku hakupunguzi mayai. Vihori vitolewe na chakula kilichomwagika kifagiliwe kabla ya magharibi. Vifaranga wanaowashiwa taa hula usiku. Banda lao lizibwe vizuri zaidi.

2. Hifadhi chakula ndani ya pipa la chuma lenye kifuniko kinachobana. Panya hutoboa gunia na hata ndoo ya plastiki. Pipa liwekwe kivulini, juu ya matofali, ili chakula kisipate unyevu.

3. Ziba matundu. Panya hupenya tundu la upana wa sentimita 2. Waya wa kawaida wa kuku haumzuii. Tumia wavu wa chuma wenye matundu ya nusu inchi, na uufukie chini kidogo kuzunguka banda.

4. Safisha kando ya banda. Ondoa marundo ya makuti, vifuu na mbao. Kata matawi yanayogusa paa, kwani panya hupanda miti kwa urahisi.

5. Tega mitego kando ya ukuta, mahali kuku na watoto hawafiki. Nazi iliyochomwa au dagaa hufaa kuwa chambo.

Tahadhari kuhusu sumu

Sumu isiyo na lebo isitumike. Kuku akila chambo hicho, au akidonoa panya aliyekufa kwa sumu, anaweza kufa, na nyama au mayai yake yakawa hatari kwa familia. Mzoga wa panya uokotwe kwa glavu au mfuko wa plastiki, kisha ufukiwe.

Majirani washirikiane

Mfugaji mmoja akisafisha peke yake, panya huhamia ua wa pili na kurudi baadaye. Ni vyema nyumba zinazopakana zisafishe siku moja.

Mwenye homa ya ghafla, maumivu ya kichwa na misuli, au macho mekundu au ya manjano, aende kituo cha afya mapema na amweleze mhudumu kwamba nyumbani kuna panya. Ugonjwa huu hutibika kwa antibayotiki, hasa ukigunduliwa mapema. Kwa ushauri kuhusu banda na chakula, wafugaji wamwone afisa wa mifugo wa eneo lao.