Ufadhili wa kumbukumbu ya Mwalimu: nani hulipa, na mtoto wa Buzebazeba anaupataje?

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, maswali ya aina moja hutufikia hapa kituoni. Zile pesa za Mwalimu Nyerere za kusomesha chuo ni za kweli? Ni mkopo? Lazima uwe na mtu Dar es Salaam? Tunajibu kwa maandishi, maana hewani mambo haya hupita upesi, na mama aliyekuwa Kibirizi akinunua dagaa hayamfikii.

Ni za kweli, na jina hilo limebebwa na ufadhili zaidi ya mmoja. Ulio karibu nasi ni wa Benki Kuu ya Tanzania, ulioanzishwa mwaka 2009, miaka 10 baada ya Mwalimu kufariki. Umelenga hasa wasichana waliofaulu vizuri sana hisabati na sayansi, pamoja na wanafunzi bora wa fani kama uchumi, teknolojia ya habari, uhasibu na fedha. Mwingine uko mbali: Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, kina ufadhili wenye jina la Julius Nyerere kwa Watanzania wanaokwenda kusoma shahada ya uzamili. Edinburgh wana sababu yao. Mwalimu alikuwa mwanafunzi wao, kuanzia 1949 hadi 1952.

Anayelipa ni taasisi. Badala ya kumjengea marehemu sanamu, inatenga fedha kila mwaka, au inaweka mtaji mahali ili faida yake ilipe ada na mtaji wenyewe ubaki. Mwanafunzi harudishi. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ni jambo jingine: ukiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Hatuusemi vibaya, wengi wa mkoa huu wamesoma kwa huo. Ila visichanganywe.

Kwa nini Nyerere akumbukwe kwa ada, si kwa kitu kingine? Yeye mwenyewe alisomeshwa. Alikwenda Tabora mwaka 1937, kisha Makerere, akarudi Tabora kufundisha, na Edinburgh alikwenda kwa ufadhili wa serikali ya kikoloni. Baada ya hapo alifundisha Pugu, mwaka 1954 akaongoza kuundwa kwa TANU, na mwaka 1955 akaacha kazi ya ualimu kwa ajili ya siasa. Wazee wetu wanakumbuka alivyokuwa akimfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa: wenzake wanampa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta kingine. Asiporudi, amewasaliti. Ndiyo maana baadhi ya wafadhili wa aina hii, pamoja na alama, huuliza umewafanyia nini watu wa kwenu.

Sasa tuje Buzebazeba. Wengi wanadhani mbio hizi zinaanza kidato cha sita. Kwa binti, zinaanza kidato cha pili, pale anapochagua kuendelea na fizikia na kemia au kuziacha. Akiziacha, hawezi kusoma PCM wala PCB, na ule ufadhili wa sayansi umeshampita kabla hajausikia. Mara nyingi uamuzi huo hufanywa na mtoto wa miaka 15 peke yake, kwa sababu shule haina mwalimu wa fizikia au kwa sababu rafiki yake ameenda sanaa. Mzazi, ukisoma haya na binti yako yuko kidato cha kwanza au cha pili, muulize leo.

Kikwazo cha pili ni karatasi. Ufadhili wa ndani ni wa Watanzania, na mkoa wetu, uliopakana na Burundi na kutazamana na Kongo, huulizwa uraia kuliko mingine. Cheti cha kuzaliwa hakikwepeki, na majina yake yafanane na ya vyeti vya shule. Cheti kikisema "Ramadhan" na matokeo yakasema "Ramadhani", herufi moja inaweza kukuchelewesha mpaka dirisha la maombi lifungwe. Marekebisho huanzia kwa msajili wa vizazi na vifo, kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya. Yanaweza kuchukua muda, kwa hiyo yasisubiri matokeo.

Na yule mtu wa Dar es Salaam? Hahitajiki. Matangazo hutolewa hadharani, Benki Kuu huweka lake kwenye tovuti yake, na masharti hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo usitegemee karatasi aliyotumia kaka yako. Akitokea anayedai fedha ili "apeleke jina lako", usimpe.