Thamani ya Kiwanja Chako: Jinsi ya Kuichungua na Kuipinga Ikiwa si Sawa

Mwenye kiwanja mjini apatapo hati ya kudaiwa kodi, jambo la kwanza atazamalo ni jumla ya fedha iliyoandikwa chini. Akiona imezidi ile ya mwaka uliopita hukasirika, akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la kulipia kuteta na karani. Karani huyo hana uwezo wa kupunguza hata senti tano, maana si yeye aliyeikata fedha ile. Imetoka katika hesabu ya mambo mawili: thamani ya kiwanja iliyoandikwa katika daftari la thamani, na asilimia iliyowekwa na kaunti. Mtu asiyejua ni lipi kati ya hayo lililomwongezea mzigo huzipoteza siku zake bure, na siku katika shauri hili ni chache.

Yafaa kwanza kutenga kodi mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Pango la ardhi ni malipo ya mtu aliyekodishwa ardhi na Serikali kwa muda maalumu, kama miaka 99, nalo hulipwa kwa Serikali ya kitaifa. Kodi ya kiwanja ni nyingine. Hiyo hulipwa kwa kaunti, hata kama ardhi ni milki ya mtu ya daima. Uwezo wa kuitoza umetoka katika Katiba ya 2010, kifungu cha 209; kabla ya Machi 2013 walioitoza walikuwa mabaraza ya miji na ya wilaya. Wako watu ambao wamelipa pango kila mwaka, wakaweka risiti zote vizuri, kisha wakashangaa kusikia kwamba wanadaiwa na kaunti. Hawakudanganywa na mtu. Walikuwa wakilipa deni moja na kuacha la pili.

Sasa, katika yale mambo mawili ya hesabu, asilimia huwekwa na bunge la kaunti kwa sheria ya fedha. Anayeiona ni kubwa mno mahali pake ni katika mikutano ya kutoa maoni kabla sheria hiyo haijapitishwa, au kwa mjumbe wake. Hawezi kuipinga kwa kusema kwamba kiwanja chake kimethaminiwa vibaya. Thamani, kwa upande wake, huandikwa na mthamini, na hiyo ndiyo ambayo kila mwenye kiwanja ana haki ya kuichungua na kuipinga kwa jina lake mwenyewe.

Nairobi ni mfano mzuri. Kwa miaka mingi kodi ya mji huo ilihesabiwa kwa thamani za mwaka 1980, hata viwanja vilipokuwa vikiuzwa kwa bei mara nyingi zaidi ya zile. Tangu mwaka 2023 kaunti ilianza kutumia daftari jipya, kwa asilimia 0.115 ya thamani ya ardhi bila majengo. Tuseme kiwanja kimeandikwa thamani ya shilingi 4,000,000: kodi yake kwa asilimia hiyo ni shilingi 4,600 kwa mwaka. Kikiandikwa kwa makosa shilingi 6,000,000, kodi ni shilingi 6,900. Tofauti ni shilingi 2,300, nayo yaonekana ndogo. Lakini daftari la thamani halibadilishwi kila mwaka, na katika miaka mitano kosa hilo limekwisha kula shilingi 11,500, ambazo zingelipa karo ya mtoto au kununua mabati.

Maneno yale “bila majengo” ni ya kushikwa sana. Palipo na hesabu ya namna hii, mthamini huuliza: ardhi hii ingeuzwa kwa bei gani kama isingekuwa na nyumba, wala kisima, wala ua? Kwa hiyo mtu aendaye kulalamika kwamba nyumba yake ni ya mabati na ya jirani ni ya ghorofa, lakini thamani zao zimelingana, hajaonyesha kosa lolote. Viwanja vyao vikiwa sawa kwa ukubwa, kwa mahali na kwa matumizi, ndivyo zipasavyo kuwa. Hali kadhalika umaskini wa mwenye kiwanja, ingawa ni jambo la kweli na la kuhuzunisha, si hoja mbele ya mthamini, kwa sababu yeye hathamini mfuko wa mtu bali udongo.

Mthamini naye si adui. Ana maelfu ya viwanja vya kuandika, na vingi huvijua kwa ramani na kwa bei za viwanja vilivyouzwa karibu, si kwa kukanyaga kila kimoja. Ndiyo maana makosa hutokea, na ndiyo maana mwenye kiwanja, ambaye hukikanyaga kila siku, ana mengi ya kumweleza.

Kosa la kwanza la kutafutwa ni la ukubwa. Hati ya kumiliki hutaja hekta, lakini watu husema kwa futi na ekari. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni kama hekta 0.0465. (Wengi hukiita thumuni ya ekari, nacho hakifiki thumuni, ni pungufu kwa futi za mraba 445.) Nukta ikisogea nafasi moja tu, hekta 0.0465 huwa 0.465, na mwenye kiwanja kimoja akadaiwa kodi ya viwanja kumi. Basi achukue hati yake na ramani, asome namba ya kiwanja, jina na ukubwa, alinganishe na daftari neno kwa neno.

Kisha atazame hali ya ardhi yenyewe. Pengine sehemu yake imo katika kingo za mto ambako hairuhusiwi kujenga, au waya mkubwa wa umeme wapita juu yake, au barabara imekata pembe yake, au ni bondeni pajaapo maji kila masika. Pengine kimeandikwa kana kwamba ni cha biashara, hali kibali chake ni cha makao tu. Mambo haya hushusha bei ambayo mnunuzi angekubali kutoa, nayo hayaonekani vema kwa mtu aliyeketi mezani na ramani.

Mwisho alinganishe na viwanja vya barabara ile ile. Daftari huwekwa wazi kusomwa na watu wote, wala si siri. Akiona viwanja vitatu vya ukubwa ule ule upande wake vimeandikwa pungufu, aandike namba zake. Bei za viwanja vilivyouzwa karibu ni ushahidi mzuri kuliko yote, mradi ziwe za wakati ule ambao thamani iliwekwa. Bei ya miaka minne baadaye haimsaidii, kwa kuwa thamani zote za daftari huhesabiwa kwa siku moja iliyotajwa.

Kuhusu kupinga kwenyewe, kwa karibu miaka 70 mambo yaliongozwa na sheria ya 1956. Daftari jipya lilipokuwa tayari, tangazo lilitolewa, na mwenye malalamiko alikuwa na siku 28 za kuyaandika katika fomu na kuyapeleka kwa karani wa mji. Siku hizo zilihesabiwa tangu tangazo lilipotoka, si tangu siku ambayo mtu alipata habari. Aliweza kupinga hata thamani ya kiwanja cha mtu mwingine, au kiwanja kilichoachwa nje ya daftari. Na mwenye kiwanja hicho alipelekewa nakala apate kujitetea. Malalamiko yalisikilizwa na korti ya thamani, na asiyeridhika alikuwa na mwezi mmoja wa kukata rufani katika Mahakama Kuu. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria mpya ya kitaifa kuhusu kodi hii, ikaifuta ile ya zamani na kuanzisha baraza la kitaifa la kuamua mashauri yake. Tangazo la daftari ndilo litajalo ofisi ya kupelekea pingamizi na siku ya mwisho, basi tangazo hilo lisomwe lote, na atakayepeleka karatasi kwa mkono aombe nakala yake ipigwe muhuri wa tarehe.

Barua ya kupinga isiwe ndefu. Itaje namba ya kiwanja, thamani iliyoandikwa, thamani ambayo mwenyewe aiona kuwa ya haki, na sababu zake. Ramani, picha na hati za mauzo ziambatishwe. Kusema “kodi ni kubwa mno” pasipo kutaja thamani ni kumpa msikilizaji kilio badala ya hoja. Wakati shauri lingali likingoja haifai kuacha kulipa, maana deni la kodi huzaa riba, na mwenye deni hapati cheti cha kuonyesha kwamba kodi imelipwa, ambacho hutakiwa ardhi inapohamishwa kwa mtu mwingine.

Wanaopatwa zaidi na hasara ni wajane na yatima. Baba hufa, jina lake hubaki katika daftari, na hati za kudai huendelea kwenda katika sanduku la posta ambalo hakuna afunguaye. Daftari jipya huja na kupita bila wao kujua, na habari huwafikia siku wanapotaka kugawana kiwanja, deni likiwa limekwisha kuwa kubwa. Jamaa waliobaki wapeleke kwenye ofisi ya kaunti cheti cha kifo na karatasi za mirathi, wakaombe anwani ibadilishwe, hata kabla hati ya kumiliki haijageuzwa jina.