Hodi Isiyongoja Jibu: Barua Pepe za Biashara na Uhuru wa Mtu

Katika desturi zetu neno "hodi" hubeba haki mbili. Ya kwanza ni ya mgeni: mtu yeyote aweza kusimama mlangoni pa mwenziwe na kupaza sauti, hata kama hakualikwa. Ya pili ni ya mwenye nyumba: mpaka ajibu "karibu", mgeni husimama nje, na katika miji ya pwani watoto hufundishwa kwamba hodi ikipigwa mara tatu pasipo jibu, mgeni na aende zake bila kinyongo. Katika makala hii tunakusudia kueleza mabishano juu ya barua pepe za biashara zinazotumwa kwa watu wasioziomba. Mabishano hayo yalianza Marekani na kuendelea sana huko na Ulaya, na lugha yake ni ya mawakili na mafundi wa kompyuta. Lakini kiini chake, kwa maoni yetu, ni haki hizo mbili za mlangoni.

Barua hizi kwa Kiswahili huitwa barua taka. Jina lake la kigeni, spam, ni la nyama ya kopo ambayo kampuni ya Hormel ilianza kuiuza mwaka 1937. Mwaka 1970 wachekeshaji wa Uingereza, kundi la Monty Python, walifanya mchezo wa mkahawa ambamo nyama hiyo hurudiwa katika kila chakula hata mazungumzo ya wateja yakamezwa na jina lake. Watumiaji wa kompyuta waliona mfano huo unafaa, na jina likabaki.

Barua ya kwanza ya namna hii inayokumbukwa ilitumwa mwezi Mei 1978. Gary Thuerk, mwuzaji wa kampuni ya Digital Equipment Corporation, aliwaandikia watu wapatao 400 wa mtandao wa ARPANET, uliokuwa chini ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, akiwaalika kutazama kompyuta mpya huko California. Anwani zilikuwa nyingi hata zikafurika kutoka mahali pake na kuingia katika barua yenyewe. Wasimamizi wa mtandao walikemea, maana uliwekwa kwa kazi za serikali tu. Lakini si wote walioungana nao. Richard Stallman, mtaalamu kijana wa chuo cha MIT, aliandika kwamba haoni kwa nini matangazo yakatazwe kuliko habari nyingine nyingi zisizomhusu. Kisha, alipopelekewa nakala ya barua hiyo na kuona urefu wa orodha ile, akayarudisha maneno yake. Twaweza kucheka, lakini hoja zote mbili, yaani uhuru wa kunena na mzigo wa mpokeaji, zilikwisha kutajwa tangu barua ya kwanza.

Tarehe 12 Aprili 1994 mambo yalichukua sura nyingine. Mawakili wawili wa Arizona, mume na mke, Laurence Canter na Martha Siegel, waliweka tangazo katika maelfu ya vikundi vya majadiliano vya Usenet, wakijitolea, kwa malipo, kuwasaidia wageni kushiriki bahati nasibu ya viza za Marekani. (Wasomaji wetu wengi waijua bahati nasibu hiyo, na wajua pia kwamba kuishiriki hakukuhitaji wakili.) Malalamiko yaliyofuata yalikuwa mengi hata yakaziangusha mashine za kampuni iliyowapa huduma ya mtandao. Mawakili hao hawakutubu. Walijitetea kwa uhuru wa kusema, na baadaye wakaandika kitabu cha kuwafundisha wengine kutajirika kwa njia hiyo.

Hapa yafaa tukae kidogo na suala la gharama, maana ndilo linaloitenga barua pepe na matangazo mengine. Atumaye tangazo kwa posta hununua karatasi na stempu. Kwa hiyo humlazimu kufikiri ni nani huenda akataka bidhaa yake. Stempu ni lijamu. Katika barua pepe lijamu hiyo haipo. Barua ya milioni moja haimgharimu mtumaji zaidi ya barua ya kwanza, ila humgharimu kila mpokeaji muda wake, nafasi katika mashine, na, kwa wale waliounganishwa kwa simu na kulipa kwa dakika, fedha taslimu. Mtu alilipa ili aletewe asichokitaka. Marekani ilikwisha kukutana na jambo hili katika mashine za faksi: sheria ya mwaka 1991 ilikataza kutuma matangazo kwa faksi pasipo ruhusa, kwa sababu karatasi na wino ni vya mpokeaji, na mwaka 1995 mahakama ya rufani iliithibitisha sheria hiyo dhidi ya wafanyabiashara waliodai kwamba inavunja uhuru wao wa kusema.

Lakini gharama peke yake haitoshi kueleza uhuru wa mtu. Nyumba ya tajiri, asiyeumizwa na gharama ndogo, nayo ina mlango. Kesi mbili za Mahakama ya Juu ya Marekani zatusaidia. Ya kwanza ni ya mwaka 1943, kutoka Struthers, mji wa viwanda vya chuma katika jimbo la Ohio. Halmashauri ya mji huo ilikataza mtu yeyote kugonga milango ili kugawa vijikaratasi, kwa hoja kwamba watu wengi walifanya kazi usiku na kulala mchana. Mshtakiwa alikuwa mfuasi wa Mashahidi wa Yehova aliyegawa mwaliko wa mkutano wa dini. Mahakama ilimwachilia. Haikusema kwamba mwenye nyumba analazimika kusikiliza. Ilisema kwamba uamuzi wa kukaribisha au kufukuza ni wake yeye, na mji hauna ruhusa ya kuufanya kwa niaba yake. Ya pili ni ya mwaka 1970. Sheria ya posta ilimruhusu mtu kuagiza kwamba mtuma matangazo ambayo mwenyewe anayaona ya aibu aondoe jina lake katika orodha. Wafanyabiashara walishtaki, wakashindwa kwa kauli moja: haki ya kutuma hukoma kwenye sanduku la barua la mtu asiyetaka kupokea.

Kesi hizi hazipingani. Ya kwanza humkinga mgeni na serikali, ya pili humkinga mwenye nyumba na mgeni, na katika zote mbili neno la mwisho ni la mwenye nyumba. Ugumu ni kwamba barua pepe haina mlango wa namna hiyo. Haipigi hodi, ikionekana imekwisha kuingia. Hodi na kuingia vimekuwa tendo moja. Kwa hiyo watunga sheria walipaswa kuchagua mahali pa kuujenga mlango: ama kabla ya barua ya kwanza, ama baada yake.

Ulaya iliujenga kabla. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002 lilitaka mfanyabiashara apate kwanza idhini ya mtu binafsi kabla ya kumtumia tangazo la barua pepe, isipokuwa mteja aliyekwisha kununua kwake bidhaa ya namna ile ile, ambaye naye lazima apewe njia nyepesi ya kukataa. Marekani iliujenga baada. Sheria iliyotiwa sahihi na Rais George W. Bush tarehe 16 Desemba 2003 inaruhusu tangazo la kwanza, mradi kichwa chake kisidanganye, anwani halisi ya mtumaji iwemo, na mpokeaji akikataa atiiwe katika siku kumi za kazi. Wapinzani walisema kwamba sheria hii humpa kila mfanyabiashara ruhusa ya kumsumbua kila mtu mara moja. Na wafanyabiashara ni wengi.

Nasi tunaona kwamba katika mambo ya biashara Ulaya ilichagua vema zaidi. Njia ya kukataa baada ya kupokea ina kasoro inayoigeuza haki kuwa mtego. Mtu ajibuye "sitaki" kwa mtumaji mwaminifu huachwa. Ajibuye hivyo kwa mtumaji mdanganyifu amemjulisha kwamba anwani yake ina mtu ndani, na anwani iliyo hai huuzwa ghali zaidi. Jambo hili lilionekana wazi mwezi Juni 2004, wakati Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani ilipoulizwa na Bunge kama yafaa kuweka daftari la kitaifa la wasiotaka barua hizi, kama lile lililowekwa kwa ajili ya simu. Tume ilijibu kwamba haifai, kwa kuwa wadanganyifu wangelitumia daftari hilo kama orodha ya anwani. Mwenye nyumba anayelazimika kunyamaza ili asiumizwe zaidi hatuwezi kusema ana mlango.

Lakini tuendelee kwa uangalifu, maana kisichoombwa si lazima kiwe kibaya. Tarehe 31 Oktoba 1517 Martin Luther alimtumia Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz barua pamoja na hoja zake juu ya biashara ya vyeti vya msamaha. Albrecht hakuiomba. Kama barua za dhamiri zingehitaji idhini ya mpokeaji, wenye mamlaka wangesomewa tu mambo waliyokwisha kukubaliana nayo. Mfanyabiashara akingoja idhini hupoteza faida kidogo. Anayeonya akingoja idhini huenda asiseme kamwe. Ndiyo sababu mpaka kati ya biashara na maneno mengine ni jambo zito, wala si suala la mafundi wa sheria peke yao.

Jimbo la Virginia lilijifunza hivyo kwa gharama kubwa. Lilikuwa na sheria iliyokataza kutuma barua pepe nyingi zisizoombwa kwa kughushi alama zinazoonyesha zilikotoka. Mwaka 2004 mtu aitwaye Jaynes, aliyetuma makumi ya maelfu ya matangazo kwa wateja wa kampuni ya AOL, alipatikana na hatia, na baadaye akahukumiwa kifungo cha miaka tisa. Hapana aliyemwonea huruma. Hata hivyo, mwezi Septemba 2008 Mahakama Kuu ya jimbo hilo iliifuta sheria yenyewe. Sababu ilikuwa kwamba sheria haikutaja biashara wala udanganyifu. Ilishika kila barua, hata ya siasa na ya dini. Na kwa jinsi barua pepe zinavyosafirishwa, atakaye kuficha jina lake hana njia ila kuficha pia zilikotoka. Basi kukataza hili ni kukataza uandishi usio na jina. Mahakama ilikumbusha kwamba baadhi ya maandishi yaliyoitetea Katiba ya Marekani yalitolewa kwa jina la kubuni. Tungeongeza kwamba vijitabu vingi vya miaka ya Matengenezo ya Kanisa havikuwa na jina la mwandishi, na ilikuwa hivyo kwa sababu ya hatari. Mwuza bidhaa aliyejificha alifunguliwa ili mnyonge ajifichaye asifungwe. Twaona uamuzi huo ulikuwa wa haki, ingawa haupendezi.

Wakati mahakama zikibishana, mlango ulikwisha kupata bawabu mwingine. Mwaka 1996 kampuni ya Cyber Promotions ilidai mahakamani kwamba Katiba inaipa haki ya kuwafikia wateja wa AOL. Jaji aliikatalia: Katiba hufunga mikono ya serikali, na AOL si serikali. Tangu hapo kampuni za barua pepe zimekuwa huru kuzuia zitakacho, na vichujio vyao vimefanya kazi ambayo sheria hazikuiweza. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinawataka watumaji wakubwa wathibitishe utambulisho wao na waweke njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja. Kwa Google mtumaji mkubwa ni yule apelekaye barua 5,000 au zaidi kwa siku katika anwani za Gmail. Amri hiyo ni njema. Lakini haikupita katika bunge lolote, na barua halali ikitupwa miongoni mwa taka, mtumaji hajui, mpokeaji hajui, wala hapana mahali pa kukata rufaa. Halmashauri ya Struthers ilizuiwa kuamua kwa niaba ya mwenye nyumba. Kampuni huamua hivyo kila dakika, nasi tunashukuru kwa usingizi tuliopata.

Katika Tanzania usumbufu huu waonekana zaidi katika ujumbe mfupi wa simu, na kila mtu ameupata ule unaomwambia atume fedha kwa namba fulani kana kwamba walikuwa na ahadi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 20, inakataza ujumbe usioombwa pale unapotumwa kwa nia ya kutenda kosa. Kifungu hicho kimeepuka kosa la Virginia, kwa kuwa kimeshika nia mbaya. Lakini mwuzaji asiye mwizi, anayesumbua tu, hakuguswa nacho.

Limebaki swali moja linalohusu ofisi zetu wenyewe. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 hushika barua ambazo shabaha yake kuu ni kutangaza bidhaa au huduma. Haitoi msamaha kwa shirika kwa sababu tu ni la dini. Dayosisi inayotuma mahubiri haiguswi. Dayosisi hiyo hiyo ikituma tangazo la kalenda na vitabu vyake, yaguswa. Uingereza yaenda mbali zaidi: msimamizi wa sheria hizi huhesabu hata barua inayoeneza malengo ya shirika la hisani, au kuomba mchango, kuwa tangazo. Barua zetu nyingi huchanganya yote matatu katika ukurasa mmoja: neno la faraja juu, taarifa ya ujenzi katikati, na namba ya akaunti chini. Mwandishi wa barua ya namna hiyo hana budi kuamua, kabla ya kuituma kwa orodha aliyopewa na rafiki, ni sehemu gani kati ya hizo iliyomfanya aiandike.