Mshahara: Neno Lenye Mwezi Ndani Yake

Neno mshahara hutajwa kila siku katika maduka ya Butembo, katika ofisi za Beni na katika nyumba zetu. Lakini ni wachache wanaouliza limetoka wapi, na linatudai nini.

Asili yake ni Kiarabu. Shahr maana yake ni mwezi, na mushahara ni malipo yanayopatanwa kwa mwezi. Waswahili wa pwani walilipokea, wakalitia katika ngeli ya mti: mshahara mmoja, mishahara miwili. Huku Kongo ya mashariki, ambako misafara ya biashara ilileta Kiswahili katika karne ya 19, watu wengi hutamka mushahara. Na hapo ulimi wetu umekaribia asili kuliko ule wa pwani.

Yafaa tulitenge na ndugu zake. Ujira, nao watoka Kiarabu, ni malipo ya kazi yo yote, hata ya saa moja: anayepalilia kahawa siku mbili, au anayesukuma chukudu yenye mizigo hadi sokoni, apata ujira. Posho ni chakula, au fedha ya kununulia chakula. Wapagazi wa misafara walipewa posho. Kibarua, yaani barua ndogo, kilikuwa cheti cha kazi ya siku, kisha mtu mwenyewe akaitwa kwa jina la karatasi yake. Wafaransa husema salaire, kutoka Kilatini salarium, na ndani yake mna sal, yaani chumvi. Neno lao lina chumvi. Letu lina mwezi.

Basi, ikiwa mshahara ni malipo ya mwezi, mwezi ukipita pasipo malipo lililobaki ni deni. Walimu wa Kongo wanalijua jambo hili. Tangu miaka ya 1990, Serikali iliposhindwa kuwalipa ipasavyo, wazazi waliubeba mzigo huo kwa michango yao. Mwaka 2019 Serikali iliondoa malipo ya wazazi katika shule za msingi za umma, zikiwamo zile zinazosimamiwa na Kanisa, na wazazi walishukuru. Lakini walimu wengi ambao majina yao hayakuwamo katika orodha ya malipo waliendelea kufundisha bila mshahara, huku watoto wao wakiona njaa kama watoto wa watu wengine.

Walakini tusiwanyoshee kidole wakubwa peke yao. Katika nyumba zetu mna msichana anayepika na kufua, mna kijana anayechunga mbuzi. Mwezi ukiisha tunawalipa, au twawaambia wangoje, nasi twanunua kitenge kipya? Tukiwapa chakula na nguo kuukuu tu, tumewapa posho, mshahara hatujawapa.

Torati iliagiza maskini alipwe siku ile ile, kabla jua halijatua. Katika mfano wa Bwana wetu, mwenye shamba la mizabibu aliwalipa wafanyakazi wake jioni, hata wale wa saa ya mwisho. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba malipo ya kazi yapaswa kumtosha mfanyakazi mwenye kiasi. Nayo Katekisimu yahesabu kumdhulumu mfanyakazi ujira wake miongoni mwa dhambi zinazolilia mbinguni.

Kwa hiyo, mwezi mpya uandamapo, kila mwenye kumwajiri mtu na ajiulize: ni nani anayenidai? Kisha amwite, amlipe.