Kuitayarisha Kombi Kuukuu kwa Safari ya Nchi ya Baridi

Kaeni karibu, chukueni daftari na penseli. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: KUSIMAMA, KUONA, KUPOA, KUPUMUA. Somo la leo lote limo katika maneno hayo.

Tuseme wewe na ndugu zako wa Makurunge mmechanga fedha, mkanunua motokaa ya zamani, Kombi ya Volkswagen. Mwezi wa Julai mna harusi Njombe. Mtasafiri watu saba, pamoja na bibi na watoto wawili. Gari linawaka vizuri. Limekwenda Bagamoyo mjini na kurudi mara nyingi, wala halikuleta taabu. Je, liko tayari kwenda Njombe?

Jibu ni hapana, bado. Sikilizeni sababu yake.

Makurunge ni nchi ya pwani. Hakuna mlima, na joto lipo usiku na mchana. Njombe iko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai baridi ya usiku hushuka chini ya nyuzi 10. Safari yenyewe ni yapata kilomita 700. Mtapita Msata, Chalinze, Morogoro na Mikumi, mpande mlima wa Kitonga mpaka Iringa, kisha Mafinga na Makambako. Njiani gari litatakiwa kufanya kazi ambayo huku pwani halijatakiwa kuifanya. Ugonjwa uliolala miaka mingi ndani ya gari utaamka siku hiyo. Basi kazi yetu ni kuuamsha ugonjwa huo hapa hapa nyumbani, mchana, fundi akiwa karibu, kabla haujatuamkia usiku mlimani.

KOMBI NI GARI GANI?

Kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilianza kuunda Kombi kwa wingi mwaka 1950. Injini ya Kombi ya zamani iko nyuma. Haina rejeta wala maji. Hupozwa kwa upepo wa feni. Likumbukeni jambo hili, tutalirudia.

Kabla ya kushika spana, shikeni kadi ya gari. Katika kadi imeandikwa namba ya chesi. Namba hiyo hiyo imegongwa katika bati la gari lenyewe. Mtu mmoja asome kadi, mwingine asome bati, tarakimu moja moja. Zikitofautiana, hata kwa tarakimu moja, msiondoke na gari hilo. Nendeni kwanza ofisi ya Mamlaka ya Mapato mkaulize. Tazameni pia bima imekwisha lini.

NENO LA KWANZA: KUSIMAMA

Watu wengi wakinunua gari huuliza, “Linakwenda?” Ni heri kuuliza kwanza, “Linasimama?” Gari lisilokwenda litawalaza nyumbani. Gari lisilosimama litawaua.

Mwambie fundi afungue magurudumu yote manne na kutazama breki ndani. Vipande vinavyosugua vikiwa vyembamba, vibadilishwe. Mirija ya breki ipanguswe na kutazamwa kwa tochi toka mbele mpaka nyuma. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula chuma. Mrija wenye kutu nyingi ubadilishwe. Katika Kombi za miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, breki za magurudumu yote hutegemea mfumo mmoja wa mafuta. Mrija mmoja ukipasuka, breki zote zimekwisha.

Mafuta ya breki nayo yabadilishwe yote. Kwa nini? Mafuta haya yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Dereva akishuka mlima mrefu huku amekanyaga breki muda wote, breki hupata moto. Yale maji yaliyomo katika mafuta huchemka, yakawa mvuke. Mvuke hubonyea. Dereva anakanyaga, mguu unazama mpaka chini, na gari halisimami. Mtaipanda Kitonga mkienda, lakini siku ya kurudi mtaishuka. Kanuni ya kushuka ni hii: gia uliyopandia ndiyo ushukie. Injini izuie gari, nayo breki ikanyagwe kidogo na kuachwa.

Unaponunua mafuta ya breki, soma chupa. Utaona DOT 3 au DOT 4. Nunua ile ambayo fundi ameithibitisha kwa gari lako. Usitie kamwe oili ya injini mahali pa mafuta ya breki. Huharibu mipira iliyomo ndani.

Sasa matairi. Tairi lina umri kama mtu, na umri wake umeandikwa ubavuni. Tafuta herufi DOT, kisha fuata mpaka mwisho uone tarakimu nne. Tarakimu mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lenye tarakimu tatu tu ni la kabla ya mwaka 2000, liondoe leo. Watengenezaji wengi wa matairi hushauri kwamba tairi lisipite miaka 10, hata likiwa la akiba na halijaguswa. Jua hukausha mpira. Tairi kuukuu laweza kuonekana jipya machoni, kisha likapasuka siku ya mzigo na mwendo.

NENO LA PILI: KUONA

Nyanda za juu kusini zina ukungu wa asubuhi, na mwezi wa Julai giza huingia mapema kidogo. Washa taa zote, mtu mwingine azunguke gari na kutaja: kubwa, ndogo, za kugeukia, za breki. Jaribu vipangusio vya kioo kwa maji.

Tazama pia volti. Kombi nyingi za kabla ya mwaka 1967 zilitumia umeme wa volti 6. Nyingi za baadaye hutumia volti 12. Namba hiyo imeandikwa kwenye betri na kwenye globu. Globu ya volti 12 katika gari la volti 6 itatoa mwanga kama kibatari, na globu ya volti 6 katika gari la volti 12 itaungua mara moja. Betri yenyewe ipimwe. Baridi hupunguza nguvu ya betri, na betri inayowasha gari kwa shida hapa Makurunge haitaliwasha Njombe alfajiri.

NENO LA TATU: KUPOA

Injini ya Kombi hupozwa na upepo, na feni yake huzungushwa na mkanda mmoja wa mpira. Mkanda huo huo huzungusha dainamo. Ukikatika, feni imesimama, na injini huanza kuungua. Ishara yake ni taa nyekundu ya dainamo mbele ya dereva. Ikiwaka gari likiwa mwendoni, usiseme, “Nitafika pale mbele.” Egesha mahali salama, zima injini, tazama mkanda.

Mkanda wenye nyufa ubadilishwe kabla ya safari, na mwingine mpya uwe ndani ya gari pamoja na spana yake. Kupima ukazaji wake, ubonyeze katikati kwa dole gumba. Uingie kama sentimita moja na nusu.

Oili nayo hupoza injini. Kombi ya zamani huchukua lita 2.5 tu, basi ikipungua kidogo ni hasara kubwa. Imwage ya zamani, safisha chujio lake, tia mpya. Kisha ipime kila asubuhi ya safari kabla ya kuwasha. Chupa ya oili ina maandishi kama 20W-50. Herufi W inatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Namba iliyo kabla yake yaonyesha wepesi wa oili wakati wa baridi: ikiwa ndogo, oili ni nyepesi zaidi. Namba ya mwisho yaonyesha uzito wake injini ikiwa moto.

Jambo jingine ni mirija ya petroli. Hii ni ya mpira, na hupita karibu na injini. Mpira wa zamani hupasuka, petroli ikadondokea injini yenye moto, na gari likateketea. Mirija hii ni ya bei ndogo. Ibadilishwe yote na kufungwa vizuri. Mtungi wa kuzima moto ukae karibu na dereva, usikae nyuma, kwa maana moto wa Kombi huanzia nyuma.

Msishangae gari likipungua nguvu milimani. Juu huko hewa ni nyepesi. Katika mita 2,000 injini ya namna hii hupoteza kama sehemu moja katika tano ya nguvu zake. Punguzeni mizigo, shusheni gia mapema, msiilazimishe.

NENO LA NNE: KUPUMUA

Hili ndilo neno kubwa, nanyi mliofika hapa nawaomba msikilize kwa makini.

Kombi ya zamani ina njia ya kuleta joto ndani. Hewa hupitishwa kando ya mabomba ya moshi, ikapata moto, kisha ikaletwa kwa abiria. Huku pwani hakuna mtu anayeifungua njia hiyo. Yaweza kukaa miaka 20 bila kuguswa, na huko chini kutu ikayatoboa mabomba. Mnafika Makambako usiku, watoto wanatetemeka, dereva anafungua joto kwa mara ya kwanza. Ndani ya joto lile mna moshi wa injini, na ndani ya moshi mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Anayeivuta huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, hulegea, husinzia. Wenzake hudhani ni uchovu wa safari. Wapo watu duniani wanaolala hivyo na wasiamke.

Basi fundi alale chini ya gari, atazame mabomba yote ya moshi na maboksi ya joto. Penye tundu pazibwe kwa kazi ya kweli, au kifaa kibadilishwe. Kama hamna hakika, fungeni kabisa njia ya joto. Chukueni sweta na mablanketi. Baridi ya usiku mmoja hupita. Watu wawili au watatu garini wakiumwa kichwa kwa pamoja, msijadiliane: simamisheni gari, zimeni injini, tokeni wote nje mpate hewa, na atakayekuwa amelegea apelekwe hospitali upesi.

Sumu hiyo hiyo hutoka katika jiko la mkaa. Mkifika Njombe, msiweke jiko la mkaa chumbani mkafunga mlango na kulala, wala ndani ya gari. Mtu wa pwani hajazoea baridi, na ndiye anayeshawishika haraka.

JARIBIO LA NYUMBANI

Fundi akimaliza, msiondoke siku hiyo. Pakieni watu saba na mizigo, mwende Msata na kurudi, tena mara mbili, mara moja usiku. Mkirudi, tazameni chini ya gari: pana oili? Pana petroli? Gurudumu moja lina moto kuliko mengine? Andikeni yote katika daftari la gari: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, bei yake. Daftari hilo ndilo kumbukumbu ya gari.

Siku ya safari ondokeni alfajiri. Chukueni pembetatu mbili za tahadhari, tairi la akiba, jeki, tochi, mkanda wa feni na oili. Barabara hukatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na wanyama huvuka humo, basi someni vibao vya mwendo na kuvifuata. Dereva akisinzia, alale kwanza. Harusi yaweza kungoja saa mbili.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini gari linaloenda vizuri Makurunge laweza kuleta taabu Njombe?

2. Tairi limeandikwa 3512. Lilitengenezwa lini? Leo lina umri wa miaka mingapi? Mtalifanya nini?

3. Taa nyekundu ya dainamo imewaka katikati ya mlima. Dereva afanye nini, na kwa nini?

4. Kila mmoja amweleze jirani yake dalili za kaboni monoksaidi. Kisha andikeni sentensi mbili za kumwonya mtu anayetaka kulala na jiko la mkaa chumbani.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Gari lenu lina nyufa zake. Zitafuteni mapema, mkiwa bado nyumbani. Kwaherini, ndugu wanafunzi, na safari njema.